Bei ya Kudumisha Chipukizi: Mikataba, Hatari na Umri katika Besiboli ya Marekani

Klabu ya besiboli inayojikuta na wachezaji watano au sita wenye vipaji vikubwa, wote wakiwa hawajafikisha miaka 25, huwa na mali ambayo haipatikani sokoni kwa fedha yoyote, na kila hali hiyo inapotokea mashabiki, waandishi na wenye klabu huuliza swali moja: vijana hawa watadumishwaje pamoja kwa muda mrefu? Swali hilo huzungumzwa kwa lugha ya mapenzi na uaminifu, ilhali kiini chake ni nani abebe hatari ya mambo yasiyojulikana bado, kama vile goti kuchanika, kiwango kushuka au kupanda kupita matarajio, na aibebe kwa bei gani. Ukichunguza mifano ya miaka thelathini na kitu iliyopita, utaona kwamba kinachoitwa kudumisha kikosi ni mfululizo wa biashara za mchezaji mmoja mmoja, ambazo hufanikiwa zikifanywa mapema mno na ambazo hata zikifanikiwa huleta miaka michache kuliko mashabiki wanavyodhani.

Msomaji aliyezoea soka anapaswa kwanza kuweka kando dhana ya ada ya uhamisho. Katika soka klabu inayomwachia mchezaji aliye ndani ya mkataba hulipwa, na ndiyo maana klabu ndogo huweza kuishi kwa kulea na kuuza. Katika Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, yenye klabu 30, mchezaji hubadilishwa kwa wachezaji wengine, mkataba wake ukihama naye jinsi ulivyo, mara nyingi bila yeye kuulizwa. Na mkataba unapokwisha huondoka, klabu iliyomlea ikiambulia, tena kwa masharti, nafasi ya ziada katika zoezi la kila mwaka la kugawana chipukizi. Kwa hiyo klabu isiyoamua mapema kumfunga au kumbadilisha mchezaji wake bora huweza kumpoteza karibu bure.

Hali haikuwa hivyo zamani. Kipengele cha kumfunga mchezaji, kilichoanza kwa wachezaji wachache wa kila timu mwaka 1879 kisha kikaenea kwa wote, kiliipa klabu haki ya kuurefusha mkataba mwaka baada ya mwaka bila ukomo, na hivyo swali la kudumisha chipukizi halikuwapo: mchezaji alibaki hadi klabu imchoke. Curt Flood, aliyekataa mwaka 1969 kuhamishwa kutoka St. Louis kwenda Philadelphia, alishindwa mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1972, lakini chama cha wachezaji kilichoongozwa na Marvin Miller kilipata kwa usuluhishi kile ambacho mahakama ilikinyima, pale msuluhishi Peter Seitz alipoamua Desemba 1975 kwamba Andy Messersmith na Dave McNally, ambao hawakutia saini mikataba mipya ya mwaka huo, walikuwa huru. Makubaliano ya mwaka 1976 yaliweka mpaka unaotumika hadi leo, yaani miaka sita ya utumishi, kisha uhuru.

Miaka hiyo sita haifuati kalenda ya kawaida. Mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172 katika orodha ya kikosi cha ligi kuu, ndani ya msimu wa siku zipatazo 187, na kila ngazi ya malipo hufuata hesabu hiyo. Katika miaka mitatu ya mwanzo klabu hulipa karibu itakavyo, mradi isishuke chini ya kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Katika mitatu inayofuata mchezaji huingia katika usuluhishi wa mishahara, utaratibu ambao, pande mbili zikishindwa kuelewana, kila upande hutaja kiasi chake na jopo hulazimika kuchagua kimoja kati ya hivyo viwili bila kupita katikati. Wachache walio karibu zaidi na kukamilisha mwaka wa tatu huruhusiwa kuingia mapema. Baada ya mwaka wa sita mchezaji huwa huru na klabu zote zinaweza kumwania.

Penye hesabu za siku hapakosi ujanja. Mwaka 2015 Chicago Cubs walimweka Kris Bryant katika timu za daraja la chini mwanzoni mwa msimu, wakampandisha Aprili 17, na akamaliza mwaka akiwa na siku 171. Siku hiyo moja iliyopungua iliiongezea klabu mwaka mzima wa kummiliki, na malalamiko aliyoyapeleka kwa msuluhishi yalitupwa mwaka 2020. Makubaliano ya 2022 yaliziba sehemu ya mwanya huo kwa kumpa mwaka kamili wa utumishi mchezaji mpya anayeshika nafasi ya kwanza au ya pili katika kura za mchezaji bora mpya wa mwaka. Ndivyo Adley Rutschman wa Baltimore, aliyepandishwa Mei 2022, alivyopata mwaka mzima kwa kushika nafasi ya pili.

Mbinu ambayo leo inaonekana ya kawaida, ya kumpa kijana mkataba mrefu kabla hajafika kwenye usuluhishi, ilipata umbo lake Cleveland mwanzoni mwa miaka ya 1990. Timu hiyo, iliyopoteza michezo 105 mwaka 1991 na ambayo uwanja wake mkubwa ulikuwa mtupu siku nyingi, ilikuwa na vijana kama Carlos Baerga, Sandy Alomar Jr., Charles Nagy, Kenny Lofton na Albert Belle, na meneja mkuu wake, John Hart (cheo hicho ni cha anayejenga kikosi, tofauti na kocha anayekiongoza uwanjani), aliona kwamba mishahara ya usuluhishi ingemshinda ikipanda yote kwa wakati mmoja. Akawalipa kuliko walivyostahili kwa mujibu wa kanuni wakati huo, nao wakampa bei inayojulikana mapema kwa miaka ya mbele na, kwa baadhi yao, mwaka mmoja au miwili ya uhuru wao. Uwanja mpya ulifunguliwa 1994. Mwaka uliofuata timu ilishinda michezo 100 na kupoteza 44 tu, ikatwaa ubingwa wa kanda yake mara tano mfululizo, na tiketi zikaisha katika michezo 455 iliyofuatana, kuanzia Juni 1995 hadi Aprili 2001.

Hata hivyo sifa za Cleveland zimepambwa kidogo na kumbukumbu. Hart hakukidumisha kikosi kile. Alikigeuza mara kwa mara huku kikishinda. Baerga alibadilishwa Julai 1996, miezi michache baada ya timu kufika fainali. Belle alikwenda Chicago White Sox mwisho wa mwaka huo huo. Lofton, aliyekuwa amebakiza msimu mmoja kabla ya uhuru, alipelekwa Atlanta Machi 1997, na fainali ya mwaka huo, ambayo Cleveland waliipoteza katika mchezo wa saba, ilichezwa bila watatu hao. Manny Ramirez akaenda Boston baada ya 2000 kwa dola milioni 160 na Jim Thome akaenda Philadelphia baada ya 2002. Walichodumisha ni kiwango cha timu, na walikidumisha kwa sababu nyuma ya kila aliyeondoka palikuwa na mwingine aliyeiva au aliyepatikana kwa kubadilishana. Chipukizi wa chini walipopungua, timu ilianguka hadi ushindi 74 mwaka 2002. Ubingwa wa Marekani ambao klabu ilikuwa ikiutafuta tangu 1948 haukupatikana, na haujapatikana bado.

Hesabu yenyewe huonekana vizuri zaidi kwa kuwaweka pamoja wachezaji wawili walioingia ligi kuu mwaka mmoja, 2018, na kushika nafasi mbili za juu katika kura za mchezaji bora mpya wa kundi lao: Ronald Acuña Jr. wa Atlanta Braves na Juan Soto wa Washington Nationals. Acuña, Mvenezuela aliyesajiliwa akiwa kijana mdogo kwa dola 100,000, alimwaga wino Aprili 2019 katika mkataba wa miaka minane wa dola milioni 100, akiwa na umri wa miaka 21. Malipo yake yalipangwa kwa ngazi: dola milioni 1 katika kila mmoja wa miaka miwili ya mwanzo, milioni 5 mwaka 2021, milioni 15 mwaka 2022, na milioni 17 kila mwaka kuanzia 2023 hadi 2026. Kisha kuna miaka miwili ya hiari ya klabu, yaani misimu ambayo klabu peke yake huamua kumbakiza au kumwachia, 2027 na 2028, kila mmoja kwa milioni 17, na klabu ikimwachia baada ya 2026 humlipa milioni 10, ambazo ndizo zinazokamilisha zile 100. Bila mkataba huo Acuña angekuwa huru baada ya msimu wa 2024. Atlanta kwa hiyo walinunua miaka minne ya uhuru wake, 2025 hadi 2028, kwa bei ambayo mpigaji wa kawaida tu huipata sokoni, na wakalipa kwa kumwongezea kidogo katika miaka ambayo wangeweza kumlipa kima cha chini.

Soto, Mdominika aliyesajiliwa kwa dola milioni 1.5, alikuwa na uwezo wa kungoja, akangoja. Alipanda ngazi za usuluhishi hadi dola milioni 23 mwaka 2023 na milioni 31 mwaka 2024. Katikati ya safari hiyo, Julai 2022, alikataa dola milioni 440 za Nationals kwa miaka 15. Wiki chache baadaye klabu ikampeleka San Diego na kupata kundi la vijana akiwemo James Wood, CJ Abrams na MacKenzie Gore. Desemba 2024, akiwa na miaka 26, New York Mets walimpa dola milioni 765 kwa miaka 15, na kukataa kwake kukaonekana hekima tupu.

Lakini matokeo hayo yasisomwe haraka. Goti la kulia la Acuña lilichanika Julai 2021 na la kushoto Mei 2024. Kati ya majeraha hayo mawili, mwaka 2023, alipiga homurani 41, yaani mipigo inayoupeleka mpira nje ya mipaka ya uwanja, akaiba vituo 73 na kuchaguliwa mchezaji bora wa kundi lake kwa kura zote. Kama asingetia saini, angeingia sokoni mwisho wa 2024, miezi michache baada ya upasuaji wa pili. Aliuza sehemu ya bahati yake njema ili asiibebe peke yake bahati mbaya, na mbaya ilikuja mara mbili. Soto alibaki na zote mbili mkononi, nayo mbaya haikuja. Anayewapima kwa jumla ya dola pekee huwa anapima bima kwa kuangalia kama nyumba iliungua.

Mkataba mgumu zaidi kuutetea ni wa Ozzie Albies, aliyetoka Curaçao na aliyetia saini siku chache baada ya Acuña, akikubali dola milioni 35 kwa miaka saba pamoja na miaka miwili ya hiari ya klabu kwa milioni 7 kila mmoja. Mawakala wengi waliukosoa, na walikuwa na sababu, kwa kuwa malipo ya miaka ya uhuru hayakukaribia thamani yake. Mwenyewe alieleza kwamba alitaka usalama wa familia. Ni haki kusema kwamba hakulazimishwa, na ni haki vilevile kusema kwamba utaratibu unaomlipa mchezaji karibu na kima cha chini kwa miaka mitatu huku kiwiko au goti likiweza kuharibika wakati wowote hutengeneza muuzaji mwenye haraka, na mwenye haraka huuza rahisi. Vijana wachache wa Uganda ambao katika miaka ya karibuni wamesajiliwa na klabu kama Dodgers na Pirates, wakifika ligi kuu, watakabidhiwa kalamu katika mazingira hayo hayo.

Baada ya Acuña na Albies, meneja mkuu wa Atlanta, Alex Anthopoulos, aliendelea: Matt Olson Machi 2022 kwa miaka minane na dola milioni 168, Austin Riley Agosti mwaka huo kwa miaka kumi na milioni 212, Michael Harris II wiki mbili baadaye, na Spencer Strider Oktoba. Kodi ya mishahara mikubwa, inayotozwa klabu ambayo jumla ya mishahara yake inavuka kiwango kilichowekwa (dola milioni 241 mwaka 2025), huhesabu wastani wa mkataba kwa mwaka, na wastani mdogo wa Acuña na Albies uliacha nafasi ya wengine. Hakuna klabu ya zama hizi iliyofuata njia hiyo kwa uthabiti zaidi.

Matokeo yake ni ya kufundisha kwa pande zote. Atlanta walitwaa ubingwa mwaka 2021, lakini bila Acuña, aliyekuwa akiuguza goti. Mchezaji bora wa fainali, Jorge Soler, alikuwa mmoja wa wachezaji wanne wa eneo la nje la uwanja waliopatikana Julai ile kuziba pengo. Kikosi kilichokamilika cha 2023 kilishinda michezo 104 na kufikia rekodi ya ligi ya homurani 307, kisha kikatolewa mapema na Philadelphia, kama ilivyokuwa mwaka uliotangulia. Kufikia 2025, wengi wa waliofungwa kwa mikataba wakiwa bado kikosini, timu ilipoteza michezo 86 kati ya 162. Majeraha yalichangia sana. Hata hivyo umo udhaifu wa mbinu yenyewe, kwani vijana wanaofungwa pamoja huzeeka na kuumia pamoja, na klabu iliyopandisha mapema bora wake wote, ikatoa wengine katika mabadilishano, huwa haina wa kuwaziba.

Strider anastahili kutajwa peke yake kwa sababu ni mrushaji, na warushaji ndio sehemu isiyofungika ya kikosi chochote. Mwaka mmoja baada ya mkataba wake wa dola milioni 75 aliwatoa wapigaji 281. Aprili 2024 akafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Mpigaji wa miaka 22 anaweza kukadiriwa kwa kiasi fulani cha uhakika, ila mkono wa mrushaji hauna ratiba. Wapigaji nao si wote: Houston walimpa Jon Singleton mkataba wa miaka mitano mwaka 2014 kabla hajacheza hata mchezo mmoja wa ligi kuu, na wastani wake wa kupiga mwaka huo ukawa .168, wakati Boston walimfunga Kristian Campbell kwa miaka minane Aprili 2025 na kumrudisha daraja la chini Juni. Hasara hizo zilikuwa ndogo kwa klabu tajiri. Klabu zinazofanya biashara hii huvumilia Singleton kadhaa kwa ajili ya Acuña mmoja.

Upande wa pili wapo walioacha saa igonge. Kansas City Royals walifika fainali 2014 na kutwaa ubingwa 2015 kwa kundi la vijana waliokulia pamoja, na wengi wao mikataba yao ilikwisha kwa pamoja baada ya 2017: Eric Hosmer akaenda San Diego kwa dola milioni 144, Lorenzo Cain akaenda Milwaukee, na mwaka 2018 Royals wakapoteza michezo 104. Chicago Cubs, walioumaliza ukame wa ubingwa uliodumu tangu 1908, waliwagawa Bryant, Anthony Rizzo na Javier Báez kwa klabu tatu tofauti katika siku mbili za mwisho wa Julai 2021. Mashabiki waliliona hilo kama usaliti. Lakini Hosmer hakuwahi kufikia thamani ya mkataba wake, na Bryant, aliyepewa dola milioni 182 na Colorado, amekuwa majeruhi kwa sehemu kubwa ya muda huo. Sababu ni umri. Wapigaji wengi hufika kilele kati ya miaka 26 na 28, wakati uhuru huwakuta wakikaribia 30, hivyo soko hulipa kwa yaliyokwishafanyika. Kosa la Cubs, kama lilikuwapo, lilikuwa kutokuwafunga wengine wakiwa na miaka 23, kama walivyomfunga Rizzo mwaka 2013 kwa dola milioni 41. Kuwaachia wakikaribia 30 lilikuwa jambo la busara lililofanywa kwa ubaridi.

Kosa la Royals halikurudiwa: Februari 2024 walimpa Bobby Witt Jr. dola milioni 288.7 kwa miaka 11, ingawa ana haki ya kujitoa baada ya mwaka wa saba. Vipengele kama hicho vinazidi, na ni ishara kwamba wachezaji wamejifunza hesabu.

Mkataba mrefu, ikumbukwe, humfunga mchezaji kuliko unavyoifunga klabu. Christian Yelich alitia saini na Miami mwaka 2015 na kupelekwa Milwaukee Januari 2018. Ke'Bryan Hayes, aliyepewa miaka minane na Pittsburgh mwaka 2022, alipelekwa Cincinnati Julai 2025. Bei nafuu ndiyo iliyowafanya watakiwe. Kanuni humpa mchezaji haki ya kukataa kuhamishwa akiwa na miaka kumi ya utumishi, mitano ya mwisho mfululizo katika klabu moja, muda ambao chipukizi anayezungumziwa hapa bado yuko mbali nao.

Swali hili kwa sasa linaikabili Baltimore kuliko klabu nyingine. Baada ya kupoteza michezo 110 mwaka 2021, Orioles walishinda 101 mwaka 2023 wakiwa na Rutschman na Gunnar Henderson, wakakaa miaka bila kumfunga yeyote, kisha 2025 wakashinda 75 tu. Kuchelewa huko hakuwezi kuhukumiwa kwa neno moja. Bei ya Henderson, ambaye wakala wake, Scott Boras, anajulikana kwa kuwapeleka wateja wake hadi sokoni, imepanda. Rutschman, ambaye kiwango chake cha kupiga kilishuka tangu katikati ya 2024, pengine angekuwa leo mzigo. Rutschman atakuwa huru baada ya 2027, Henderson baada ya 2028, na makubaliano ya ligi na wachezaji yanakwisha Desemba 2026, hivyo huenda hata kanuni ya miaka sita ikawekwa mezani. Mkataba mrefu wa kwanza kwa kizazi hiki, miaka minane kwa dola milioni 67, klabu iliutoa Agosti 2025 kwa Samuel Basallo, mwenye miaka 21, siku chache tu baada ya kucheza mchezo wake wa kwanza. Basallo ni mdakaji, yaani yule anayechutama nyuma ya mpigaji kupokea mipira ya mrushaji, na hiyo ndiyo nafasi ya Rutschman.